Kovu la Kayaba

Saa tisa usiku, Kona Baridi.
Jina halidanganyi: upepo unapenya hadi kwenye fizi.
Khavere anaruka-ruka mahali pamoja
kama aliyekanyaga siafu.
Mimi nina tochi, daftari, na saa
inayojua jina langu.

Kutoka hapa hadi lango la Karura,
kwa vilele vya Ngong, kwa msitu wa Oloolua,
kwa mito yote inayokata njia,
yenye kaa na yenye povu la sabuni:
saa kumi na tatu na dakika tisa.
Rekodi hiyo ni yangu. Ina miaka minane.
Goti lililoileta halipandi tena
hata ngazi za kanisa.

"Mwalimu," ananiita, ingawa sijamfundisha kitu
ila kula viazi huku akitembea.
Kupanda alifundishwa na mitungi ya gesi,
kilo kumi na tatu begani, ghorofa ya sita, Kawangware,
na wateja wasiofungua mlango upesi.

Nenda, nikasema.
Taa yake ikapanda mgongo wa mlima,
ikazama, ikazuka, ikazama,
mapanga ya mitambo ya upepo
yakimkatia giza vipande vipande.

Ngong mjini: mbele kwa dakika sita.
Nikamtilia uji kwenye chupa, chumvi kiganjani,
akailamba kama ndama.
Oloolua: mbele kwa dakika nane.
Niliandika kwa mkono uliotetemeka,
nikasingizia baridi,
jua likiwa limeshachemsha mabati.

Kisha Dagoretti.
Hapo njia inalizunguka shamba la marehemu fulani,
kilomita nzima na ushei, ikifuata ua wa kayaba,
miiba kama sindano za kushonea magunia.
Na hapo, karibu na nguzo ya stima, pana tundu.
Lilikuwapo bado.
Miaka minane, na kayaba haijalifunga.

Khavere akalitazama. Akanitazama.
Goti lake la kushoto limeanza kusengenya,
zile dakika nane zimebaki tano.
"Mwalimu, hapa watu hupita?"

Mbwa akabweka.
Mtu alikuwa akibabua kichwa cha mbuzi,
moshi wa manyoya ukatuingia machoni,
nikapata sababu ya kuyafumba.
Ningesema ndiyo, nani angejua?
Ningesema ndiyo, rekodi ingekuwa yake,
na tungekuwa wawili.

"Zunguka," nikasema.
Akazunguka.

Nikabaki na tundu.
Nikakunja mkono wa sweta.
Kovu, toka kiwikoni hadi karibu na kiganja.
Wote niliwaambia nilianguka Karura
nikikimbizwa na giza.
Kuna ua unaozingira na ua linalonukia.
Lile la waridi nililopewa siku ile langoni,
miaka minane linanukia kayaba.

Alipotokea upande wa pili alikuwa nyuma kwa dakika nne.
Sikumwambia.
Aliona usoni kwangu, akatema mate, akaongeza mwendo.
Kabete alitapika. Gitathuru alivuka maji yakimfika magotini,
hakuvua viatu.
Zile nne hazikupungua, hazikuongezeka.
Zilimfuata kama deni la duka.

Saa kumi na dakika kumi na tatu
akagusa lango.
Akalala chali kwenye vumbi jekundu,
soli ya kiatu imetoka nje kama ulimi.
"Nimeshindwa, Mwalimu."
Tulikuwa watu saba,
na mlinzi aliyetaka kujua kama tumelipa.
Mmoja akanipongeza, akanipiga begani:
bado ni wewe, bado ni wewe.

Nikachutama, goti likalia kama bawaba kavu.
Nikamwekea Khavere saa tumboni, ikapanda, ikashuka,
ikapanda tena na pumzi zake.
Kisha nikakunja mkono wa sweta.

"Hili," nikamwambia, "litazame vizuri.
Unaujua huu ni mwiba gani?"